Kurasa Kumi na Sita za Mwisho

3 Februari

Wifi yangu mpendwa,

Hujambo? Karakana haijambo? Naandika kwa mkono kwa sababu simu zangu huzipokei, miaka mitatu sasa, na mimi si mtu wa kugonga mlango usiofunguliwa.

Tarishi wa idara yetu atakuletea bahasha. Ndani mna *Binti wa Msajili*, chapa ya kwanza, kitabu cha miaka sitini ambacho hakipatikani tena dukani wala maktabani. Mchapishaji amekubali kukitoa upya mwezi wa Mei pamoja na dibaji yangu, na atakipiga picha ukurasa kwa ukurasa kutoka nakala hii. Shida ni kwamba uzi umeoza na kurasa zinadondoka. Nakuomba ukishone na kukijalidi upya ili kifunguke bila kupasuka.

Mikono yako haina mpinzani, hilo nalisema popote. Ningependa macho yako nayo yangekuwa hivyo. Nasikia bado unasoma *Mlinda Lango wa Falme Tisa*, ile ya karani wa posta aliyeangukiwa na kabati la barua akafa, akaamka dunia nyingine akiwa na upanga na paka anayezungumza. Juzuu tisa, wifi! Mtu mzima mwenye akili zako! Zimwi la kwanza linatokea ukurasa wa tatu na la pili ukurasa wa tano, kwa hofu kwamba msomaji atasinzia. Kitabu kikubwa hakimwogopi msomaji. Kinakaa mahali pake kinakungoja ukue.

Mdogo wangu, marehemu mumeo, naye ulimlemaza kwa vitabu hivyo. Angalau siku ile ya mwisho hospitalini nilimtolea ile takataka, akaondoka na maneno ya maana masikioni. Ulininunia, lakini nilitimiza wajibu wa dada.

Kisome ukiwa unakishona. Kitakufaa.

Wifi yako,
Mhadhiri


14 Februari

Wifi, shikamoo.

Kitabu kimefika. Simu sikupokea kwa sababu sikutaka, usihangaike kutafuta sababu nyingine.

Kazi kwanza. Kitabu chako kimeundwa kwa vitita, kila kitita karatasi nne kubwa zilizokunjwa kati zikawa nane, yaani kurasa kumi na sita. Nimefumua uzi wote, nimenyoosha mikunjo, nimeziba matundu ya wadudu kwa karatasi nyembamba, sasa nashona. Kwa kuwa lazima nihesabu kurasa zote kabla ya kushona, nimekisoma chote mpaka mwisho.

Nitasema haki. Kitabu chako kinajua kutazama. Kuna ukurasa mzima wa wino unaokauka kwenye daftari la msajili, na mimi niliyeishi na karatasi miaka ishirini na miwili sijawahi kuona mtu ameandika kitu ninachokiona kila siku. Nilisimamisha sindano. Lakini pia kuna yule mchumba anayefika mlangoni ukurasa wa sitini na kuvua kofia ukurasa wa tisini na moja. Hapo katikati nilipika, nikala, nikaosha vyombo, nikarudi, bado ana kofia. Kwa kurasa hizo thelathini mlinda lango wangu angekuwa ameshapoteza ufalme, ameombana radhi na paka na kupata ufalme mwingine. Vitabu vyako vinaniheshimu, sikatai. Vyangu vinanipenda. Ziko siku mtu anahitaji hiki na ziko siku anahitaji kile, na kitanda cha hospitali si mahali pa kumwambia mtu akue.

Basi umeitaja siku ile mwenyewe, tuizungumze. Mimi na mume wangu tulikuwa na kamchezo ketu. Kabla ya kuanza juzuu mpya, kila mmoja anaandika kwenye karatasi tupu ya mwishoni kisio lake la namna itakavyoisha, na kumficha mwenzake. Juzuu ya tisa tulishaandika. Nilimsomea sura mbili, kisha nikaenda nyumbani kuoga na kulala kidogo, kwa sababu wewe mwenyewe ulinisukuma niende. Niliporudi jioni, droo nilimoweka juzuu ile ilikuwa tupu, wewe umekaa na *Binti wa Msajili* mapajani, na yeye amelala. Hakuamka tena. Alikufa hajui kama mlinda lango alivuka, na kisio lake, ambalo ni mwandiko wake wa mwisho hapa duniani, likaishia kwenye pipa la taka. Juzuu hiyo imejaa madukani na sijainunua mpaka leo. Sitaki kukijua asichokijua yeye.

Sijakusamehe. Nimeona nikuandikie wazi, usije ukasema hukuambiwa.

Kitabu utakipata Ijumaa. Nina swali moja tu: wewe msomi unauonaje mwisho wake?

Wifi yako,
Fundi


25 Februari

Wifi yangu,

Nimekipokea na kazi ni safi. Kinafunguka chote na hakilalamiki.

Ya hospitali tuyaache. Mtu anayekata roho ana haki ya kusikia lugha iliyonyooka. Kile kitabu nilikitupa na ningekitupa tena.

Umeuliza juu ya mwisho, na swali lako limenifurahisha kuliko unavyodhani. Binti amesikia hodi. Anakwenda mlangoni, anaweka mkono kwenye komeo, na kitabu kinaisha. Hatuambiwi nani yuko nje, kama ni mchumba, ni baba au ni upepo. Wasomaji wa riwaya zako wangeandamana! Wao wanataka zimwi life, taji livalishwe na paka apewe cheo. Mwandishi mkubwa anamwacha binti pale mlangoni na kutuacha sisi tumesimama nyuma yake. Ndiyo tofauti, wifi. Riwaya nyepesi inakulisha mpaka unavimbiwa, riwaya kuu inakuacha na njaa inayokufikirisha.

Miaka thelathini nafundisha kitabu hiki, na kila mara nikifika kwenye lile komeo hunipanda donge kooni.

Wifi yako,
Mhadhiri


1 Machi

Wifi, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Kila mara, unasema? Miaka thelathini, donge kooni?

Nakuomba jambo moja na sitaliomba tena. Kabla hujampelekea mchapishaji, mtafute mtu yeyote aliyewahi kukisoma kitabu hiki zamani. Kaa naye mnywe chai, mzungumzie huo mlango. Ukiona halina maana, liache.

Fundi


7 Machi

Wifi yangu,

Nimekisoma mara sita. Nilikuwa nakisoma wewe hujajua gundi ni kitu gani, kwa hiyo kunituma nikajifunze kwa watu wa chai ni kunikosea adabu, nami ninakusamehe kwa ajili ya marehemu.

Kitabu kimeshapelekwa. Dibaji ina kurasa kumi na nne, na nane kati ya hizo zinahusu mwisho tu. Nimeipa jina "Mkono Kwenye Komeo". Nawe umo. Nimeandika juu ya fundi mmoja, msomaji wa hadithi za mazimwi, aliyefika kwenye komeo lile na kuniuliza mwisho ndiyo nini. Nimekutumia kama mfano wa msomaji ambaye hajakomaa. Sikukutaja jina.

Wifi yako,
Mhadhiri


2 Juni

Wewe,

Leo sikuiti wifi.

Jana ukumbini, mbele ya mkuu wa chuo, mchapishaji na wanafunzi wangu wote, niliisoma dibaji yangu wakapiga makofi. Kisha akasimama mama mmoja, mpiga chapa mstaafu mwenye mkongojo. Akafungua mkoba na kutoa *Binti wa Msajili* ya kwake, aliyopewa na mumewe wakati wa uchumba. Akasema kwa upole, "Samahani mwanangu, mbona chenu kimekatika? Sura ya ishirini na moja iko wapi?"

Akaisoma. Yote! Dakika ishirini nimesimama pale na bilauri ya maji mkononi. Kumbe binti anafungua mlango na hakuna mtu. Anaufunga, anakwenda kwenye meza ya baba yake, anafungua daftari la usajili na kuandika jina lake kwa mkono wake mwenyewe. Chini yake pana neno MWISHO kwa herufi kubwa, na mama yule alikigeuza kitabu ili ukumbi mzima ulione.

Wakacheka. Walianza wa nyuma, wakafuata hata wale niliowapa alama za bure. Leo asubuhi nimekuta wamechora komeo ubaoni. Jina langu sasa ni Mama Komeo. Mchapishaji anakusanya nakala zote kutoka madukani, na mkuu wa idara ameniomba, kwa sauti ile ya kumbembeleza mgonjwa, nipumzike kufundisha riwaya mwaka huu.

Ni wewe uliyezitoa. Nirudishie kurasa zangu. Na unijibu: umenivua nguo mbele za watu kwa ajili ya kitabu cha paka?

Mhadhiri


9 Juni

Wifi, shikamoo.

Ndiyo, ni mimi. Wala sikutumia ujanja mkubwa. Kitita cha mwisho, karatasi nane, sikukishona tu. Sura ya ishirini ilikuwa inaishia chini kabisa ya ukurasa, kwa nukta, na kitabu hakina orodha ya sura.

Nilidhani utanipigia kelele siku ile ile. Hiyo ndiyo adhabu niliyokupangia: uhangaike siku mbili, uniulize mwisho uko wapi, nami nikujibu kwamba niliuliza hivyo hivyo mbele ya droo tupu ya hospitali. Basi, halafu ningekurudishia. Sikujua kama utalimeza. Sisi wa mazimwi ukitukatia hata ukurasa mmoja wa mwisho tutafika mpaka kwa mchapishaji na fimbo. Wewe umezoea vitabu vinavyokuacha hewani, ukakuta shimo ukaliita uhodari.

Lakini barua yako ya donge kooni ndiyo iliyonifungua macho. Mtu aliyewahi kufika mwisho wa kitabu kile hata mara moja asingeandika hivyo. Hujawahi kukimaliza, wifi. Nilicheka mpaka mwenzangu wa karakana akaniletea maji. Hata hivyo nilikuonya tarehe mosi Machi, na ulivyonijibu unajua. Baada ya hapo nilikuacha uende, na kila nilipokumbuka kwamba unakwenda nilikula vizuri. Sijutii. Nasikitika tu kwamba sikuwepo ukumbini, ningekaa safu ya mbele.

Kurasa zako ziko salama. Fundi akijalidi kitabu hubandika karatasi ya zamani ndani ya mgongo, chini ya jalada, ili upate nguvu. Mimi nilikuwa nazijalidi upya juzuu zangu za *Mlinda Lango*. Ziko nane, maana ya tisa sina na unajua kwa nini. Karatasi nane, juzuu nane. Nimezitenganisha kwenye mikunjo tu, sikukata hata herufi, na gundi ni ya unga, inaachia kwa maji. Juzuu zenyewe nimeipa maktaba ya mtaa. Nenda kaazime. Mwambie mkutubi, kwa sauti ya kusikika, kwamba unataka ile ya paka anayezungumza.

Na kitabu chako kinaisha vizuri sana, kuliko vyangu vyote nane. Yule binti na lile daftari sijamsahau. Ni hasara kwamba hukumfikia.

Wifi yako,
Fundi


17 Juni

Wifi,

Umeshinda. Sasa nisikilize.

*Binti wa Msajili* nilikianza nikiwa na miaka ishirini na mmoja. Nikalala sura ya sita, mchumba akiwa bado na kofia kichwani. Kila mwaka nilianza tena na kila mwaka nililala pale pale. Mwalimu wangu alikuwa na maelezo mazuri, nikayanakili, nikayafundisha, nikapandishwa cheo nayo. Mwisho hayakuugusa, na uliponiuliza nilifungua tu ukurasa wa mwisho ulioniachia. Kurasa nilizozisoma nazipenda kweli, hilo usilitilie shaka. Ila nikishika kitabu kikubwa, nusu yangu inasoma na nusu inatafuta la kusema juu yake, na hiyo inayosoma huchoka mapema.

Juzuu ya tisa sikuitupa.

Ulipoondoka, alifumbua macho akasema, "Dada, nisomee." Nikafungua changu. Akasema, "Siyo hicho." Nikakasirika, nikaichukua juzuu ile mpaka kwenye pipa mwisho wa korido. Nikasimama pale. Nikarudi nayo, nikafunga mlango, nikasoma kuanzia sura ya tatu, saa tatu asubuhi mpaka saa kumi jioni. Akanikosoa kwamba sauti ya paka siyo hiyo, wewe huitoa puani. Nikaitoa puani. Nikanguruma, wifi! Mimi mwenye shahada tatu nilinguruma mpaka nesi akafungua mlango kuuliza kama kuna tatizo. Kwa kitabu kile sikuwa na la kusema, kwa hiyo nilibaki kusikiliza, mimi niliyekuwa nasoma. Sijawahi kumaliza kitabu bila kuinuka kitini, isipokuwa hicho.

Tulipofika mwisho nililia na aliniona. Akaomba kalamu, akaandika mstari mmoja chini ya kisio lake, akalala. Nilipokusikia koridoni nikakisukumia mkobani na kuweka changu mapajani. Nikakwambia nimekitupa. Neno likishatoka hivyo, kila mwaka unaopita unalifanya kuwa zito zaidi kulirudisha, na mimi nilikuwa na jina la kulinda.

Kwa hiyo mdogo wangu alijua. Kinyongo chako cha miaka mitatu umekilisha bure.

Juzuu ninayo na mstari wake ninao. Nilikuwa nimeshaufungasha ili nikutumie pamoja na barua hii. Halafu nikakumbuka lile komeo ubaoni, nikaufungia kabatini kwa ufunguo. Una karatasi zangu nane, nina yako moja. Tukae hivyo.

Mhadhiri


20 Juni

Wifi,

Leo sikuamkii. Mwandiko wangu unauona ulivyo, nisamehe kwa hilo tu.

Nimekulaani miaka mitatu kwa jambo ambalo hukulifanya, na ulilolifanya ni baya zaidi. Ungekuwa umekitupa kitabu, ningebaki na mume aliyekufa hajui. Kumbe alijua, na aliyekaa kwenye kile kiti ni wewe. Kile kiti kilikuwa changu! Nilimsomea juzuu nane na sura mbili. Paka nilimpa sauti mimi. Ukauchukua mwisho wetu, ukaufaidi naye, kisha ukanitazama usoni na kuniambia umeutupa, kwa sababu uliona haya kujulikana umesoma kitabu cha mazimwi. Mjane wa mdogo wako alikuwa analia mbele yako na wewe unaona haya ya kitabu.

Nimefurahi kwamba alijua. Tangu juzi nalia kwa hiyo furaha, nafuta machozi, nakukasirikia upya. Vyote viwili ni vya kweli na sioni kimojawapo kikiondoka.

Hatutakaa hivyo na wala hatutabadilishana. Jumamosi saa nne asubuhi nakuja kwako. Mkutubi ananijua, amenipa juzuu saba kwa mkupuo. Ya nne iko kwa binti mmoja ambaye hajaimaliza, na mimi simnyang'anyi mtu kitabu kabla hajafika mwisho. Utangoja kama wengine. Nitakuja na sindano yangu, uzi na bakuli la maji. Nitakaa kwenye meza yako, nizitoe kurasa zako migongoni na kuzishona mahali pake, na muda huo wote wewe utanisomea juzuu ya tisa kuanzia sura ya tatu. Mstari wake usiuguse wala usinidokezee. Nitausoma mwenyewe ukishamaliza.

Utanisomea vile vile ulivyomsomea yeye. Paka atoke puani. Ukiruka hata aya moja nitajua, na tutarudi mwanzo wa sura. Usidhani nakuja kupatana. Sijui Jumamosi jioni nitakuwa nimeamua nini juu yako.

Na tutakaa chumba chako cha mbele, madirisha yote wazi. Wanafunzi wako wakienda maktaba hupita pale chini, na zimwi likinguruma nataka walisikie vizuri ni la nani.

Wifi yako,
Fundi